Ubao Usiopinda

Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam nilitumia siku tano, na safari yenyewe haikustahili hata tatu. Treni ilitufikisha Tabora ikiwa imechoka kuliko sisi. Pale tukangoja mabehewa ya Kigoma, tukaunganishwa, tukajikokota hadi Dodoma, na Dodoma wakatuambia mvua imebeba tuta la reli huko mbele karibu na Kilosa, kila mtu ajitafutie njia yake. Nikajitafutia. Niliposhuka stendi ya Mbezi mguu wangu wa kushoto ulikuwa umevimba kwa kukaa, na bado nikakaa tena, juu ya begi langu, kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Kabla ya Mpanda nilikuwa Tunduru, kabla ya Tunduru nilikuwa Kahama, na kila nilikoondoka nilipakumbuka kwa mapenzi ambayo sikuwahi kuyaonyesha nilipokuwa pale.

Dar nilikaa miaka mitatu. Nikiulizwa nilifanya nini huko, huwa nasema nilikuwa kwenye mbao, na mazungumzo yanahamia kwingine. Ukweli ni kwamba katika miaka ile mitatu ninayokumbuka vizuri ni mbao kumi na nne nilizozipika mwenyewe, na mama mmoja aliyekuwa akiswali chini yake.

Nilipata chumba Buguruni, nyuma ya gereji. Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa mtu wa Masasi, amenizidi miaka kama kumi, Mkristo wa kuwahi misa ya kwanza. Aliendesha mashine katika karakana moja Gerezani, hapo hapo kando ya Kariakoo. Kila mtu alimwita fundi, nami nitamwita hivyo.

"Umesoma?" aliniuliza wiki ya kwanza.

"Nimemaliza kidato cha nne."

"Basi utapima wewe. Sisi tunakadiria kwa macho, ndiyo maana mbao zetu zinatoka kila moja na tabia yake."

Karakana ile ilitengeneza mbao bila kukata mti. Tulinunua madumu mabovu, ndoo zilizopasuka na vizibo vya chupa, tukavisaga na kuviosha. Kutoka kwa mafundi samani wa Keko tulichukua vumbi la mbao kwa magunia, tukalianika juu ya mabati mpaka likauke kabisa, maana likiwa na unyevu hata kidogo ubao hutoka na mapovu ndani kama mkate. Plastiki na vumbi vilichanganywa ndani ya pipa, vikaingia kwenye mashine, vikayeyuka, vikasukumwa na parafujo kubwa hadi kwenye umbo la chuma, kisha vikapozwa kwenye karo la maji. Kilichotoka kilikuwa ubao wa rangi ya kahawa, hauozi, na mchwa hawautaki. Hilo la mchwa ndilo lililotupatia wateja. Kariakoo nyumba nyingi za zamani zimeliwa kimyakimya, unaegemea fremu ya mlango unajikuta umeshika unga.

Mwenye karakana alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa mjini hapo hapo, tukimwita Bosi. Asubuhi aliwasha udi mbele ya picha ndogo ya mungu wake, akavuta kiti, akakaa kutazama mashine kama mtu anayemtazama mgonjwa. Alikuwa ameuza duka la vyombo ili ainunue. Sikumwona akicheka mara nyingi, ila alikuwa mpole, na chai ya saa nne alimimina mwenyewe.

Mbao zetu za mwanzo zilikuwa na aibu moja. Zilipinda. Ukiuweka ubao juu ya matofali mawili, ukapachika jiwe katikati na jua la Dar likafanya kazi yake, jioni unaukuta umebonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea. Na mteja wa mbao Dar ana namna yake ya kununua, haimhusu wewe umesema nini. Kwanza anagonga kwa kifundo cha kidole asikilize. Halafu ananyanyua ncha moja apime uzito, kwa sababu kwake kizito ndicho kizuri. Halafu anaulaza juu ya matofali, anapanda, anapiga kisigino. Zetu ziligongwa zikanyamaza, zikanyanyuliwa zikawa nyepesi, zikapandwa zikanesa.

"Hii mpira," mafundi wa Keko walisema. Wakatupa jina, watu wa mbao za mpira. Nilikuwa nikienda kuchukua vumbi wananipokea nalo mlangoni. "Mzee wa mpira kaja. Leo unatuletea ubao au tairi?"

Nilipaswa kucheka nao. Sikuweza. Mtu aliyehama sana hana kitu kingine cha kumtetea zaidi ya kazi ya mikono yake ya wakati huo.

Siku moja Bosi alileta gunia la unga mweupe, mawe ya chokaa yaliyosagwa yakawa laini kama wanga. Viwandani wanauita fila, na fundi alisema watu wa ndoo na mabomba wanautia siku zote. Tulianza na ndoo moja ya fila kwa pipa. Ubao ukabonyea kidogo tu. Tukatia mbili. Ukasimama vizuri, ukanesa pale tu ulipobebeshwa hasa, ukirudi mahali pake ukitua mzigo. Hapo ndipo tungekoma. Fundi alisema tukome.

Mimi nilikuwa na daftari, na daftari lilinipa kichwa kikubwa. Nikatia tatu, nikapunguza vumbi la mbao. Nikatia nne. Ubao wa ndoo nne ukiugonga ulilia kama mninga. Ulikuwa mzito, umenyooka, jiwe lilikaa juu yake wiki nzima juani wala usishuke. Bosi aliugonga, akaugonga tena.

"Bwana," akaniambia, "sasa unaongea."

Nilibeba kipande nikaenda nacho Keko, nikakiweka juu ya matofali yao wenyewe. Wakapanda wawili. Hakuna aliyesema mpira. Niliporudi nilikuwa na furaha ambayo hadi leo nikiikumbuka naona haya.

Mama alikuja katika siku hizo. Alikuwa na fremu ya duka mtaa wa tatu kutoka kwetu, akiuza mashuka na mapazia ya mitumba, mtu wa Lindi, umri wa mama yangu mdogo. Dari la duka lake, pale anapopanga mabelo yake, marobota ya mitumba, lilikuwa limeliwa na mchwa. Aligonga, akanyanyua, akavua ndala akapanda na kupiga kisigino mara tatu, akiwa ameshika bega langu asianguke. Akachukua mbao kumi na nne. Wiki ile fila laini ilikuwa imetuishia, Bosi akapata nyingine iliyosagwa vibaya, yenye chengachenga. Nilizisikia chenga zile vidoleni. Nikamwaga ndoo nne kama kawaida.

Nilienda kusaidia kuzipigilia. Dari lilipokamilika lilikuwa limenyooka kama mstari wa rula. Makuli wakapandisha mabelo tisa. Ilipofika adhuhuri mama akasogeza kigoda, akatandika mswala wake katikati ya duka, mahali pekee penye nafasi, akaswali. Nilipokuwa nakusanya misumari niliona kwamba juu ya kichwa chake palikuwa na ubao wa saba na wa nane.

Baada ya kama mwezi, guta la matairi matatu lililobeba mbao zetu lilipita juu ya tuta mbele ya karakana, ubao mmoja ukateleza, ukaangukia ukingo wa mtaro. Haukuanguka kutoka juu, ni kimo cha kiuno. Ukakatika vipande viwili. Sauti yake ilikuwa ya sahani.

Fundi aliokota kipande, akaupitisha ukucha mahali palipovunjika. Palikuwa pasafi, hapana unyuzi hata mmoja.

"Kwetu tunajenga ukuta wa fito na udongo," akasema. "Vumbi la mbao ndizo fito. Fila ni udongo. Udongo unafanya ukuta ugome kusukumwa. Lakini ufa ukianza, kinachoushika ni fito. Wewe umetujengea ukuta wa udongo mtupu."

"Lakini haupindi."

"Ndiyo. Haupindi. Utakuwa mzima, mzima, mzima, halafu haupo."

Tulijaribu siku zile, sisi wawili, baada ya kazi. Ubao wa ndoo mbili ukiuongezea mawe ulishuka, ukashuka, ukalia, na ulipovunjika ulikuwa umekwisha kukuambia mara kumi. Ule wa ndoo nne ulibeba mawe bila kushuka hata unene wa kucha. Halafu jiwe moja dogo, ambalo fundi aliliachia badala ya kuliweka, likaupitia katikati. Plastiki ilikuwa haitoshi kuzifunika punje zote zile, na kila chenga ilikuwa mwanzo wa ufa. Haya yote nilikuwa nayo kwenye daftari langu kwa namba, ila sikuwa nimeyauliza.

Nilienda kwa mama kesho yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuwaona watoto wako?" Akaonyesha juu kwa kidevu.

"Mama, karakana imegundua zile mbao zina kasoro. Tunaomba tuzishushe."

"Kasoro gani? Zimepinda?"

"Hazijapinda."

"Zimeliwa?"

"Hazijaliwa."

"Basi kasoro yake ni uzuri." Akamgeukia muuza ndoo wa fremu ya ng'ambo. "Jirani, unasikia? Mbao zangu hazijapinda wala hazijaliwa, kwa hiyo ni mbovu."

"Wamepandisha bei, mama," yule jirani akajibu bila kuinuka. "Wanataka za zamani wakaziuze upya. Usimpe."

Kariakoo hakuna anayeisema vibaya bidhaa yake. Ukimsikia mtu anaiponda, jua kuna kitu anakitafuta. Hilo nililijua, na bado nilidhani sura yangu itatosha.

Nilirudi mara ya pili. Mara ya tatu mama akachoka na mimi, akasema, "Haya, leta huo ubao unaouita mzuri. Tuuweke kando ya wangu, tubebeshe sawa, tuone." Nikaleta wa ndoo mbili, nikaupachika pembeni kabisa, tukauwekea belo moja. Wiki ilipokwisha ubao wangu ulikuwa umebonyea vidole viwili. Wake ulikuwa umenyooka vilevile. Mtaa mzima ulikuja kuangalia.

"Mgonjwa kaja kumtibu mzima," jirani wa ndoo akasema, na watu wakacheka hadi mama mwenyewe akajifuta macho kwa mtandio. Nilisimama pale nimeshika mikono nyuma. Nilichokuwa nacho cha kuonyesha kilionekana kibovu, na kibovu kilionekana kizuri. Adhana ya adhuhuri ikaanza, watu wakatawanyika, mama akachukua mswala wake.

Sikuwa nikila vizuri wakati ule. Kila saa saba mchana, popote nilipokuwa, nilimwona amesujudu chini ya ubao wa saba na wa nane. Kila guta lililoangusha mzigo mtaani lilinisimamisha.

"Ulimwambia mama ni nani aliyetia fila?" fundi aliniuliza.

"Nilimwambia ni karakana."

"Karakana haina mikono, ndugu yangu."

Nilimwendea Bosi. Alinisikiliza hadi mwisho, akizungusha kikombe chake kitupu.

"Hazijavunjika," akasema.

"Zikivunjika, Bosi, mama yuko chini."

Mashine ilikuwa inaunguruma, na alikuwa akiitazama. "Ukisema mbao za hapa mbovu, hakuna atakayeingia mlango huu tena. Unajua hilo?"

"Najua."

"Nimezeeka mimi, siwezi kuanza duka lingine." Akaweka kikombe chini. "Nenda. Lakini sema kweli yote. Usimwachie nusu."

Nilifika dukani mama akiwa amekwisha tawadha, mikono ingali na maji, mswala umetandikwa.

"Mama, leo usiswali hapo."

"Umeanza tena."

"Ni mimi. Mimi ndiye niliyetia unga mwingi kwenye mbao zako. Hakuna aliyenituma. Fundi alinikataza. Watu wa Keko walikuwa wananicheka, wananiita mzee wa mpira, nikataka wanyamaze. Nikatia ndoo nne pa kutia mbili. Na za kwako ni mbaya kuliko zote, unga ulikuwa na chenga, nilizisikia na vidole vyangu, nikatia hivyo hivyo. Zimenyooka kwa sababu ya ule unga, na kwa sababu ya unga huo huo zitakatika bila kukuambia."

Mama akaacha kukung'uta maji mikononi.

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa ajili ya kuchekwa tu?"

"Ndiyo, mama."

Akainama, akaukunja mswala, akavuka mtaa akaenda kuswali kwenye fremu ya muuza ndoo. Aliporudi aliita makuli wawili. "Shusheni vyote," akasema. Kisha akanigeukia. "Na mizigo yangu sasa niiweke kichwani kwako?"

Mabelo yalishuka. Mbao zikashuka, kumi na nne, zote nzima, hazina hata mkwaruzo. Makuli walizipanga ukutani wakaniangalia. Nikachukua mmoja, nikauangusha kwenye kizingiti cha saruji. Ukaruka, ukalala, haukuwa na ufa.

"Mzima huyo," jirani akasema.

Nikachukua wa pili. Ukapasuka vipande vitatu, kimoja kikatelezea hadi miguuni kwa mama. Alikiokota, akaushika ukingo wake kwa vidole viwili na kuuminya. Chembe zikamdondokea kiganjani.

"Kama kashata," akasema taratibu. Hakuna aliyecheka.

Nilimwambia tungempa nyingine, za ndoo mbili, tungepanga boriti karibu karibu chini yake. Akatikisa kichwa kabla sijamaliza. "Mchwa namjua. Akianza kula, unga unaniangukia kwenye mtandio, najua kaingia. Hizo zenu hata kukohoa hazikohoi."

"Hizi nyingine zinakohoa, mama."

"Zikohoe kwa wengine."

Akawaita mafundi wa Keko, wakamtengenezea dari la mbao za kawaida. Habari ilienda upesi kuliko nilivyofikiri. Wateja walirudisha hata mbao nzuri, za ndoo mbili, ambazo nina hakika zingekaa miaka. Wengine hawakurudisha, walizitoa tu wakaziegemeza ukutani kwetu wakaondoka. Bosi hakunigombeza. Alizipokea, akazipanga, akaendelea kumimina chai ya saa nne. Mashine ilifanya kazi siku tatu kwa wiki, halafu siku moja, halafu asubuhi moja aliwasha udi wake, akakaa, na hakumwambia fundi abonyeze kitufe. Tulikaa hivyo hadi mchana, watatu, tunaitazama. Kwa mara ya kwanza nilisikia jinsi mtaa ule ulivyo na kelele.

Fundi alipata kazi kwenye kiwanda cha mabomba. Aliniambia angeniombea nafasi. Nilimshukuru, na pale pale nikiwa nasema asante nikajua kwamba sitaenda. Nilikuwa nimeanza kuikumbuka Mpanda, vumbi lake na maembe yake, na hiyo kwangu huwa ndiyo dalili ya kuhama.

Siku niliyoondoka nilikuwa na begi lile lile. Bosi alinipa mkono, akaushika kidogo zaidi ya kawaida, akasema, "Bwana, ungeniuliza mimi kabla ya ndoo ya tatu." Nilimwambia ndiyo. Kisha nikapita kwa mama, nikiwa nimejiambia nitapita tu mbele ya duka nisisimame. Aliniona.

"Na begi?"

"Naondoka, mama."

"Utarudi lini?"

"Sirudi."

Alinitazama kama anayepima urefu wa pazia. Akasogeza kigoda, akakiweka katikati ya duka, akanionyesha nikae, akaenda nyuma kuniletea maji. Nilikaa. Mabelo yalikuwa juu yangu, kumi sasa, na bila kutaka nikainua uso kutazama mbao, nikitafuta ufa.

Alirudi na kikombe, akanikuta hivyo.

"Usiangalie juu," akasema. "Hilo hukulitengeneza wewe."

Nikanywa maji yote, nikamrudishia kikombe chake, nikaenda zangu.